Damu ya Mama, Boma la Baba

Katika vilima vya Usamia, Kaunti ya Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, kuanzia Funyula na Sigalame mpaka unaposhuka Sio Port, kaburi ni sehemu ya boma. Halitengwi mbali na makazi. Liko uani, hatua chache kutoka mlangoni, na anayejua mpangilio wa mji wa Kisamia atakuonyesha nani amelala wapi na kwa nini. Mwanamume mwenye mji wake huzikwa katika mji huo. Mke huzikwa kwa mumewe, hata kama alizaliwa ng'ambo ya mto Sio, upande wa Uganda, na ndugu zake wote wako huko hadi leo. Aliyefia Nairobi, Kampala au Mombasa hurudishwa nyumbani, na watu huchangishana mpaka nauli ya maiti ipatikane. Kwa hiyo mwili usiojulikana ni wa nani huleta shida mbili kwa mpigo: wenyewe hauna pa kuwekwa, na mahali fulani kuna boma lenye nafasi iliyo wazi ambayo hakuna anayethubutu kuijaza.

Watu wa eneo hili hawakungoja maabara ndipo waitafutie shida hiyo jibu. Kwa Waluhya wengi, ambao Wasamia ni sehemu yao, mtu akipotelea ziwani au vitani na utafutaji ukashindikana, ukoo hukata shina la mgomba, hulilaza kaburini na kuliomboleza kama mwili. Majirani wao Wajaluo hutumia yago, tunda refu na zito la mvungunya. Baada ya hapo mjane huhesabiwa mjane, mali hugawanywa, na mtoto atakayezaliwa anaweza kupewa jina la marehemu. Linganisha na yaliyofanyika Addis Ababa tarehe 17 Machi 2019, wiki moja baada ya ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, iliyokuwa ikija Nairobi, kuanguka karibu na Bishoftu na kuua watu wote 157. Majeneza 17 matupu, yaliyofunikwa bendera, yalipelekwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Nazo familia zilizofika mahali pa ajali zilipewa udongo ulioungua, kilo moja hivi kila moja, zikaende kuuzika. Shina la mgomba, tunda, jeneza tupu na udongo vinafanya kazi ya namna moja, kuwaruhusu walio hai waendelee. Lakini si kitu kimoja. Mgomba unasimama badala ya mwili, wala hakuna anayetarajia kuufukua. Jeneza tupu linakiri kwamba mwili haupo. Udongo wa Bishoftu ulikuwa na uzito mwingine kabisa, kwa kuwa mfiwa alijua huenda ameshika chembe za mtu wake pamoja na chembe za wageni 156.

Utambuzi wa vinasaba ni desturi changa kuliko hizi zote. Alama za kijenetiki zinazomtofautisha mtu na mwenzake ziligunduliwa na Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1984, na leo kazi yenyewe imekuwa ya kila siku. Mfupa husafishwa, hukatwa kipande kidogo cha paja au hung'olewa gego, kipande husagwa kuwa unga, na unga huo hutolewa DNA. Mwili ulioungua au uliokaa sana udongoni hutafutiwa mfupa mgumu kupita yote, ule ulioshika sikio la ndani. Kisha husomwa sehemu 20 au zaidi ambapo maneno mafupi ya kijenetiki hujirudiarudia, mara saba kwa mtu huyu, mara kumi na moja kwa yule. Kwa upande wa walio hai hakuna sindano: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu, kikakaushwa, kikatiwa bahasha. Mzazi na mtoto lazima walingane kwa nusu katika kila sehemu, isipokuwa pale badiliko la ghafla limetokea. Ndugu wa tumbo moja hulingana sana kwa wastani, lakini katika sehemu moja moja wanaweza kuachana kabisa. Mwishowe maabara haisemi "huyu ndiye" kama shahidi aliyeona. Inasema ushahidi huu una uwezekano mkubwa mara kadhaa, pengine mara mamilioni, ikiwa mfupa ni wa mwana wa mama huyu kuliko ikiwa ni wa mtu baki.

Hapo ndipo mila na maabara zinapoanza kutazamana, kwa sababu zote mbili zinajibu swali kupitia jamaa, ila haziwapangi jamaa kwa daraja moja. Katika mazishi ya Usamia wenye sauti ni upande wa baba: kaka, baba wakubwa na wadogo, wazee wa ukoo. Wajomba huheshimiwa, huja, husikilizwa, lakini hawaamui kaburi lichimbwe wapi. Maabara inavuruga daraja hilo bila kukusudia. Ndani ya kila seli, nje ya kiini, kuna mitokondria yenye DNA yake ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na binti tu ndiye huiendeleza. Nakala zake ni nyingi mno, kwa hiyo hudumu katika mfupa mkuukuu wakati DNA ya kiini imekwisha kuoza. Fikiria mwanamume wa Sigalame aliyepatikana baada ya miaka 20, mifupa mitupu. Wanaobeba alama hiyo ni mama yake, ndugu zake wa tumbo moja, mjomba wake, na watoto wa mama yake mkubwa walioolewa au kuzaliwa huko Bugwe au Bunyala. Kaka wa baba mmoja na mama mwingine, ambaye ndiye atakayesimamia mazishi, hana alama hiyo hata kidogo. Jibu la nani amekufa linaweza kutoka kwa watu ambao mila haiwapi nafasi ya kusema azikwe wapi.

Upande wa baba nao una alama yake, kromosomu Y, inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. Hii inalingana na hesabu ya ukoo kwa namna inayoshangaza. Chukua suala la kurithi mjane, lililozoeleka kwa Wasamia na Wajaluo kwa vizazi vingi. Ndugu wa marehemu anamchukua mjane, anazaa naye, na watoto wanahesabiwa wa marehemu. Wanaitwa kwa jina lake na kurithi ardhi yake. Mtu wa nje angedhani maabara itaiumbua desturi hii. Haiumbui. Mvulana aliyezaliwa hivyo ana kromosomu Y ileile ya yule anayeitwa baba yake, maana aliyemzaa na aliyekufa wameipata kwa babu mmoja. Ukimpima mvulana huyo na mifupa ya marehemu, mstari wa ukoo utaafiki kabisa. Alama nyingine ndizo zitakazosema jambo tofauti: atalingana naye kama mpwa, si kama mwana. Msichana aliyezaliwa katika ndoa hiyohiyo hana kromosomu Y, na mitokondria yake ni ya mama yake, hivyo ushahidi wake kwa marehemu ni hafifu zaidi. Usahihi wa maabara na usahihi wa ukoo vinakubaliana juu ya ukoo, vinaachana juu ya mtu mmoja mmoja. Na ukoo, ukiulizwa, utasema haukuwahi kudai zaidi ya hapo.

Si mila zote za Afrika Mashariki zinazopata bahati hiyo. Wakuria, ambao kama Wasamia wamekatwa na mpaka, Kenya huku na Tanzania kule, wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mwana huoa msichana, na watoto wa msichana huyo ni wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Kati ya watoto hao na mzee wa nyumba kwa kawaida hakuna alama ya kijenetiki inayowaunganisha. Hata hivyo wao ndio watakaomzika na kumrithi. Fomu ya maabara ikiuliza "una uhusiano gani na marehemu", mtoto atajibu kwa unyofu "ni baba yangu" au "ni bibi yangu", na fundi asiyejua nyumba ntobhu atapoteza mwezi mzima akitafuta kosa katika sampuli.

Wazungu nao wana hadithi yao ya mstari uliokatika, tena wa kifalme. Mifupa iliyochimbuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa ya Mfalme Richard III aliyeuawa vitani mwaka 1485. Aliyesaidia zaidi alikuwa seremala mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akiishi London, mzao wa dada wa mfalme kupitia kwa mabinti watupu, mmoja baada ya mwingine, kwa zaidi ya karne tano. Mitokondria yake ililingana. Upande wa baba, wanaume watano wa ukoo wa Somerset, waliokuwa na vitabu vya nasaba vilivyotunzwa kuliko vya karibu ukoo wowote duniani, hawakulingana na mfalme. Mahali fulani katika vizazi hivyo mtoto alizaliwa na mwanamume ambaye hakuandikwa. Uingereza ilijenga ufalme wake juu ya mstari wa baba ikauamini kwa maandishi. Usamia ulijenga ukoo wake juu ya mstari huohuo ukauacha ndugu wa marehemu aufufue kwa ridhaa ya wote. Ukipima mifupa, utaratibu wa Usamia ndio uliokuwa imara zaidi.

Uislamu, ulio na mizizi mirefu Pwani na vilevile Mumias, ulilifikiria jambo hili kwa maandishi mapema kuliko serikali zetu. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya kimataifa ya Waislamu, lilikutana Makka mwezi Januari 2002 na kutoa uamuzi kuhusu alama za vinasaba. Liliruhusu zitumike kutambua miili iliyoharibika katika maafa, watoto waliochanganywa hospitalini, na watu waliopotea wasiojulikana wazazi. Lakini halikuruhusu zitumike kukana nasaba iliyothibiti kisheria; mume anayemkana mtoto njia yake ni liani, kiapo mbele ya kadhi. Msingi ni kanuni ya kale kwamba mtoto ni wa kitanda cha ndoa. Kwa maneno mengine, kipimo kinaruhusiwa kumrudisha mtu kwa watu wake, hakiruhusiwi kumng'oa. Mimi naiona hiyo ndiyo akili pana kuliko zote katika suala hili, na haiko mbali na namna ukoo wa Kisamia unavyomhifadhi mwana wa mjane.

Yaliyotokea Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yaliifundisha Kenya ugumu wenyewe. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, na kufikia Oktoba mwaka huo miili 429 ilikuwa imetolewa katika makaburi ya msituni ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliandikisha zaidi ya watu 600 waliotafutwa na jamaa zao. Familia zilikuja mochari ya Malindi kutoka pembe nyingi za nchi, Magharibi na Nyanza zikiwemo, zikasuguliwa mashavu, zikarudi kungoja. Miili ya kwanza ilikabidhiwa tarehe 26 Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na kufikia wakati huo 34 tu ndiyo ilikuwa imetambuliwa kwa DNA. Familia ya kwanza ilipokea miili minne. Idadi hiyo pekee inaeleza ugumu ulipo. Utambuzi kwa njia ya jamaa unataka jamaa walio hai, na huko msituni baba, mama na watoto walikufa pamoja. Mtoto wa miaka sita hana mzazi wa kutoa sampuli. Anabaki bibi au babu, tena wengine hawakuwa hata na habari kwamba mjukuu huyo alizaliwa.

Bibi ni miongoni mwa walioianzisha sayansi hii, na watu wachache wanakumbuka. Nchini Argentina, utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 uliwateka vijana, ukawaua, ukagawa watoto wao wachanga kwa familia nyingine. Mabibi wa Plaza de Mayo walizunguka dunia wakiuliza swali moja: kama mwanangu hayupo, je, damu yangu inaweza kumthibitisha mjukuu wangu? Mwanajenetiki Mmarekani Mary-Claire King alianza kufanya kazi nao mwaka 1984, akatumia mitokondria kwa sababu hasa hupita kwa mama wa mama. Mwaka 1987 Argentina ilianzisha kwa sheria benki ya taifa ya data za kijenetiki ili sampuli za mabibi zibaki hata wao wakifa. Wajukuu zaidi ya 130 wamepatikana. Hesabu inayotumika Malindi ni ileile, imepinduliwa: Argentina mtoto yu hai na wazazi hawajulikani walipo, Shakahola mtoto amelala mochari na wazazi wako meza ya pili, nao hawana majina. Ila Argentina waliodai ni mabibi wenyewe, barabarani, mbele ya ikulu. Kwetu bibi aliitwa kama chanzo cha sampuli, akatakiwa asubiri simu.

Kenya imesogea mbali katika muda mfupi, hata hivyo. Moto wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, uliua wavulana 67, na wengi wao walizikwa pamoja katika kaburi moja shuleni kwa kuwa hakuna mzazi aliyeweza kusema yupi ni wake. Moto wa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, uliua wavulana 21. Wasiotambulika walipimwa pamoja na wazazi wao, na kila familia ikazika mwanawe. Upande wa Uganda, shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, mpakani na Kongo, ilishambuliwa Juni 2023, na miili iliyoteketea bwenini ilibidi isubiri DNA pia. Nikilinganisha Kyanguli na Endarasha siwezi kusema wazazi wa 2001 walipata mazishi duni. Walizika pamoja na wanaomboleza pamoja hadi leo, kitu ambacho wa Endarasha, waliotawanyika kila mmoja kwa boma lake, hawana. Lakini wa 2001 hawakuchagua. Huo ndio utofauti ninaoupa uzito.

Kuchagua kunaonekana wazi zaidi ukiweka Bosnia na Rwanda bega kwa bega. Srebrenica, Julai 1995, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa. Wauaji walirudi baadaye na mashine, wakafukua makaburi na kuhamisha maiti kuficha ushahidi, hata mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika makaburi kadhaa. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea ilikusanya damu ya jamaa kwa makumi ya maelfu, ikapata mlingano wa kwanza mwaka 2001, na sasa karibu watu 7,000 wana majina. Kila tarehe 11 Julai waliotambuliwa mwaka huo husaliwa jeneza na kuzikwa Potočari. Ndani ya utaratibu huo kuna uamuzi mchungu ambao hakuna maabara inayoweza kuuchukua: mama amepatikana na mfupa mmoja wa mwanawe, azike sasa, au angoje mingine? Wapo wanaozika. Wapo wanaongoja miaka. Na wapo waliozika, kisha wakapigiwa simu, wakafungua kaburi kuongeza.

Rwanda haikufuata njia hiyo. Makumbusho ya Gisozi, Kigali, yana watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari na kuzikwa pamoja, na miili inapogunduliwa hata sasa, huoshwa, huwekwa katika majeneza ya pamoja na kuzikwa kwa heshima wakati wa kumbukumbu za Aprili. Manusura wengi waliwatambua watu wao kwa nguo. Katika kanisa la Nyamata nguo hizo zimewekwa juu ya mabenchi. Msomaji aliyezoea Bosnia anaweza kudhani Rwanda ilikosa fedha tu. Fedha ilikuwa sababu, lakini iko sababu kubwa zaidi. GAERG, chama cha manusura waliokuwa wanafunzi, kimeorodhesha familia 15,593 zilizofutika kabisa, zenye watu 68,871. Familia hizo hazina shavu la kusugulia pamba. Utambuzi kwa jamaa ungewapa majina waliobakiwa na ndugu, na kuwaacha bila jina wale waliopoteza wote, yaani ungerefusha kazi ya wauaji. Kuzikwa pamoja kunawafanya manusura wote kuwa jamaa wa waliokufa wote. Bosnia ilimjibu muuaji kwa kumrudishia kila mtu jina lake, Rwanda kwa kutomtenga yeyote. Sioni namna ya kuziweka daraja, wala sioni haja.

Mfano ulio karibu zaidi na mila za nasaba zetu uko Kilimanjaro. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 huko Old Moshi, akiwemo Mangi Meli, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Wazao wanasema kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kukusanya mafuvu ya makoloni ilikuwa kazi ya kawaida ya mwanaanthropolojia Felix von Luschan mjini Berlin. Kumbuka Wachagga wa zamani walikuwa na mazishi ya hatua mbili: baada ya muda mwili ulifukuliwa, na fuvu likawekwa ndani ya kihamba, katikati ya migomba na masale, ili mzee abaki na watu wake. Kwa hiyo kilichochukuliwa ndicho hasa ambacho ukoo ulihitaji. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, iliyopokea mkusanyiko huo mwaka 2011, ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, mengi ya Rwanda, 202 ya Tanzania na machache ya Kenya. Machache mno yalikuwa na maandishi ya kutosha kuelekeza kwenye ukoo fulani. Mate ya wazao yalichukuliwa. Septemba 2023 matokeo yalitangazwa: fuvu moja lililingana kikamilifu na jamaa walio hai, nalo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yalilingana karibu kabisa. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Hapa nasaba iliyosimuliwa kwa mdomo ndiyo iliyoiongoza maabara. Bila wazee wa Kilimanjaro kujua nani ni mzao wa nani kwa zaidi ya karne moja, lile fuvu lingebaki namba katika sanduku. Bosnia wataalamu walianza na mifupa wakatafuta familia. Old Moshi familia zilianza na jina, zikaisukuma taasisi itafute mfupa. Na kipimo kilipojibu, kilijibu kikamilifu kwa mmoja tu kati ya mamia. Mafuvu yasiyo na maandishi hayana ukoo wa kuelekezwa, na hapo Tanzania italazimika kufikiri kwa namna ya Rwanda hata kama ilianza kwa namna ya Bosnia.

Kumjua mtu, hata hivyo, si kumpata. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuatilia kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Hakuna aliyebisha mwili ni wa nani. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Miaka 27 baadaye, London, Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya watu waliojitambulisha kama jamaa wa mbali wa Richard III, waliotaka azikwe York badala ya Leicester. Walishindwa, miongoni mwa hoja ilikuwa kwamba baada ya karne tano watu wenye uhusiano wa damu na mfalme huenda ni mamilioni, na haiwezekani wote waulizwe. Nairobi ukoo ulikuwa mkubwa kuliko ndoa, London undugu ulikuwa mpana mno hata ukakosa nguvu. Katika kesi zote mbili damu haikuamua chochote. Kilichoamua ni jamii imemkabidhi nani kazi ya kuzika.

Turudi mpakani, maana hapa suala linakuwa la kiofisi. Ukoo wa Kisamia haujui mpaka. Moody Awori, mbunge wa Funyula aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, na Aggrey Awori, aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2001, walikuwa ndugu. Familia isiyo na umaarufu iko vilevile: kaka Sigalame, dada Lumino, mvuvi mmoja ziwani kati yao. Mwili ukiopolewa upande wa Kenya, sampuli huenda kwa Mkemia wa Serikali, Nairobi. Dada akitoa yake Uganda, huenda maabara ya serikali Wandegeya, Kampala. Interpol ilianzisha mwaka 2021 hifadhidata iitwayo I-Familia, inayolinganisha DNA ya jamaa na ya miili isiyojulikana kati ya nchi na nchi, nayo inaweza kuunganisha maabara hizo mbili. Tanzania ina sheria mahsusi ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Kenya inategemea Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozihesabu data za kijenetiki kuwa nyeti.

Ninachokiomba kwa ofisi hizi ni kidogo na kinawezekana. Anayechukua sampuli Busia aulize kwanza nani alimzaa nani, akijua kwamba baba mdogo naye huitwa baba, na amwite mjomba na watoto wa mama mkubwa mapema badala ya kuwakumbuka mwisho. Majibu yaseme tu mwili ni wa familia hii. Kama njiani imeonekana kwamba mwana si wa aliyedhaniwa, hilo si jambo la kusomwa mbele ya matanga, na Makka walishaeleza kwa nini. Na kwenye fomu hiyohiyo, chini ya jina la anayetoa mate, pawe na mstari wa pili wa jina la atakayepokea mwili na boma utakakozikwa, ukijazwa na kutiwa saini na pande zote mbili, wa baba na wa mama, kabla bahasha haijafungwa.